Nilivyojifunza kugawa mimea inayokula nzi, hapa hapa Tabata

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa 2024 nilikaa kibarazani toka saa mbili asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, beseni la maji ya mvua mbele yangu, na nilivyoinuka chungu kimoja kilikuwa kimeshakuwa vyungu vitano. Sikuvunja hata kichwa kimoja, yaani kichipukizi chenye majani yake. Watu waliokuja kuona wananiuliza nimefanyaje na nikiwajibu kwa kifupi naona kama nawadanganya, maana kabla ya hiyo Jumamosi nilishaua mimea minne kwa mikono yangu hii hii, na kila mmoja ulikufa kwa sababu yake. Kwa hiyo ngoja nieleze yote.

Mmea wenyewe unaitwa Vinasi flaitrapu, ila hapa nyumbani binti yangu aliuita mla nzi toka siku ya kwanza na jina likakaa. Ni mdogo tu, kiganja kinaufunika. Majani yanatoka katikati yanalala kuzunguka, na kila jani mwishoni lina mtego wa vipande viwili vyenye miba laini pembeni kama kope za macho. Ndani ya kila kipande kuna vinywele, mara nyingi vitatu, mdudu akivigusa mara mbili ndani ya sekunde kama 20 mtego unafunga, yaani unapepesa jicho tu ameshanaswa. Akivigusa mara moja haufungi, ndo maana tone la mvua haliudanganyi hovyo.

Niliupata mwezi wa nane 2021. Kuna mama mmoja wa kigeni Masaki alikuwa anahama nchi anauza vitu vya ndani, mi nilienda kwa ajili ya kabati la vyombo, nikakiona kichungu dirishani jikoni kwake. Nilipoinama kuangalia inzi akatua na mtego ukafunga mbele ya macho yangu, basi kabati nikasahau. Aliniuzia elfu kumi na tano na akaniambia neno moja tu, maji ya mvua. Nilimsikia lakini sikulitilia maanani, nilidhani ni mapenzi yake tu kwa mmea, kumbe yule mama alinipa nusu ya elimu yote pale mlangoni.

Nilivyofika nyumbani roho ikaniuma kuona mmea mzuri vile umebanwa kwenye kichungu kidogo, tena kwenye kitu kinachofanana na majani ya chai yaliyoshachujwa. Nikasema huu una njaa. Kesho yake nikaenda kwa wauza maua kando ya barabara ya Bagamoyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, unatafuta nini?"

Nikamwambia nina ua linataka udongo mzuri, akanifungashia kiroba cha udongo mweusi wenye samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri na chungu cha udongo wa kuchoma. Yule mzee hakunikosea, udongo ule ule nimepandia mchicha na waridi na vinastawi mpaka leo. Mi ndo nilikuwa sijui ninachopanda. Nikaung'oa mmea, nikauvuta ukaachana vipande viwili, kimoja nikakiweka kwenye chungu kipya na samadi, kingine nikakirudisha kwenye kile kichungu cha zamani nikisubiri nipate chungu kingine. Kilichowekwa kwenye samadi mitego yake ilianza kuwa myeusi kuanzia pembeni, wiki ya tatu hakuna kitu. Ambacho nilikitelekeza nje ukutani kwasababu nilishakata tamaa nacho, mvua za vuli zikakinyeshea mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kikatoa majani mapya saba.

Hapo ndo nikakaa chini kusoma. Kwao ni sehemu moja tu duniani, majimbo ya North Carolina na South Carolina kule Marekani, maeneo yanayozunguka mji wa Wilmington, kwenye misonobari na ardhi ya mchanga iliyoloa maji karibu muda wote. Gavana wa North Carolina, Arthur Dobbs, aliuandika kwenye barua 1759 na toka hapo watu hawajaacha kuushangaa. Ile ardhi imefukarika, naitrojeni na fosforasi ni kidogo sana, ndo maana mmea ukajifunza kuipata hiyo lishe kutoka kwa wadudu. Mizizi yake ni ya kunywa maji tu na kushikilia, haijazoea chumvi za mbolea kabisa, ukiipa samadi unaiunguza. Na kule kwao wanaibwa sana porini mpaka North Carolina wakaamua toka Desemba 2014 kuiba mmea huu porini ni kosa kubwa la jinai, kwa hiyo ukipata wa kununua uliza umetoka wapi, uwe wa kuzalishwa kitaluni.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo kwasababu Dar maji ndo yanaua wengi kabla hata hujafika kwenye kugawa, na ukigawa mmea ambao umeshachoshwa na maji mabaya unagawa maiti.

Nyumba nyingi mtaani kwetu tunatumia kisima cha kuchimba. Maji yake unayajua, sabuni haitoi povu, birika linajaa ukoko mweupe ndani. Nilinunua kile kidude cha kupima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, kinaitwa kipima TDS, nikapima kila maji niliyoweza kuyapata. Mmea huu unataka maji yanayosoma chini ya 50. Kisima chetu kilisoma 1,340. Maji ya bomba kwa dada yangu yalisoma mia na thelathini na kitu, ni afadhali sana ila bado, maana kila siku unaongeza chumvi kidogo kidogo na haina pa kwenda, inajikusanya kwenye chungu. Maji ya kunywa ya chupa niliyopima yalikuwa juu pia, yale yana madini ya kuleta ladha. Na kuchemsha hakutoi chumvi, maji yanapungua chumvi inabaki pale pale, naomba hili likae kichwani kwasababu kila mtu ananiuliza.

Kuna mtu alinishauri maji ya betri. Kuweni makini sana hapo. Ukienda sheli ukisema maji ya betri unaweza kupewa maji safi yaliyotoneshwa ya kuongezea, au ukapewa asidi ya betri mpya, na chupa zinafanana. Asidi itaua mmea na itakuunguza wewe au mtoto. Kama unanunua soma chupa mwenyewe, na kama haieleweki achana nayo.

Mi natumia mvua na maji ya AC. Mvua nakinga kwenye bati, ile ya kwanza baada ya kiangazi naiacha ipite maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, baada ya hapo najaza madumu ya plastiki. Sio kisima cha saruji, saruji inaachia chokaa kwenye maji. Masika kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano nakuwa na madumu kumi ya lita 20 yamejaa, nayafunika yasiingie mwanga wala mbu. Yakiisha nakinga maji yanayodondoka kwenye bomba la AC ya chumbani, hayo ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye mabomba ya baridi, yalisoma 9. Ila fundi akija kuosha AC kwa dawa namwaga maji ya wiki nzima inayofuata.

Chungu kinakaa ndani ya sahani yenye maji kama sentimita mbili, muda wote. Mbu nao wanajua hilo. Dar tumepata dengi 2014 na tukapata tena 2019, sitaki kufuga mbu kwa ajili ya ua, kwa hiyo kila baada ya siku tatu namwaga yaliyobaki nasugua sahani naweka mapya. Usiruke hii.

Kosa la pili lilikuwa makumbi. 2022 wakati naosha chungu kipande kimoja kilijitenga chenyewe, kina mizizi yake, kizuri kabisa. Nikakipandia kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, nikijua hayana mbolea na Dar makumbi yamejaa. Kipande kikafa. Nilikuja kuelewa baadae nilivyokaa na bibi mmoja msusi wa kamba za usumba, akanieleza wanafukia makumbi pwani kwenye matope ya bahari miezi na miezi mpaka yalainike. Na hata yasiyofukiwa, mnazi wenyewe unaota kwenye chumvi. Nilichukua yale niliyobakiwa nayo nikaloweka kwenye maji ya mvua nikapima, kipimo kikapanda mia sita. Wapo wanaoyaosha mara nyingi mpaka yanafaa, mimi siyagusi tena.

Ninachotumia ni pitimosi, yaani ile mimea ya kinamasi iliyooza inayofanana na majani ya chai, na pelaiti, ile punje nyeupe nyepesi. Pitimosi inauzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya kusia mbegu kwenye trei, shida ni kwamba mifuko mingi imeshachanganywa mbolea kiwandani, lazima usome mfuko, na kama haujaandika kitu loweka kidogo upime maji yake. Ukikosa pelaiti tumia mchanga, lakini sio wa ufukweni, ule una chumvi na vipande vya makombe ambavyo ni chokaa. Kuutambua chukua kijiko cha mchanga umiminie siki, ukitoa povu una chokaa, usiutumie. Nilijaribu mchanga wa mafundi ujenzi wa sehemu tatu, miwili ikatoa povu. Mchanga wa kuchujia maji ya swimingi puli ndo haukutoa hata kiputo, niliuosha tu vumbi nikautumia.

Kwa kuwa kile kipande kilichojitenga kilikufa, nilijiaminisha kwamba kilikufa kwa udogo. Sikuwaza makumbi kwa wakati huo. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2023 nikasema safari hii nagawa vipande vikubwa vyenye nguvu, nikachukua kiwembe nikapasua kichwa kimoja katikati, nusu kwa nusu. Zote mbili zilioza. Niliumia kwa kweli, maana kile kilikuwa kichwa chenye afya, hakikuwa na tatizo lolote, na nilikuwa nimekilea toka vuli ile ya kwanza.

Aliyenifumbua macho ni mama yangu. Alikuja kutoka Muleba mwezi wa pili 2024 kwa ajili ya macho yake, akawa anakaa kibarazani asubuhi ananiangalia navyohangaika na chungu. Nikamwonyesha vichwa vilivyosongamana nikamwambia nataka kuvitenganisha, akakisogeza kile chungu karibu, akapapasa kwa kidole katikati ya majani.

"Mwanangu, hawa watoto bado wananyonya."

"Utajuaje mama?"

"Mgomba mtoto huutoi kwa mama yake mpaka uwe na mizizi yake. Ukiutingisha ukatingishika wote na mama yake, uache. Ukitingishika peke yake, huyo amekua."

Mama alikuwa hajawahi kuuona huu mmea maisha yake yote. Lakini ameng'oa machipukizi ya migomba toka akiwa mtoto, na alikuwa sahihi kabisa. Nilitingisha kile chungu pale pale mbele yake, kichwa kimoja baada ya kingine, kimoja tu ndo kilicheza peke yake. Nikaacha vyote.

Kabla sijafika kwenye Jumamosi yenyewe lazima niseme kuhusu friji, maana ndo imefanya ile siku iwezekane. Kule kwao kuna baridi kali miezi mitatu minne kila mwaka, mmea unalala, majani yanakufa mengi, unabaki kile kitunguu chake cheupe chini ya udongo kimepumzika. Dar hakuna baridi hiyo. Kipupwe chetu cha mwezi wa sita na wa saba ni raha kwa binadamu tu, kwa huu mmea bado ni kiangazi, na ukiuacha bila kulala mwaka wa kwanza unavumilia, halafu unaanza kudhoofika, majani yanatoka madogo madogo, mwisho unakata roho. Kwa hiyo sisi wa nchi za joto tunaulaza kwenye friji.

Mara ya kwanza niliulaza mwezi wa kumi 2023, na mtu yeyote aliyekuwa Dar anakumbuka mgao wa umeme wa kipindi kile. Friji inazima kwa masaa nane, kumi, inapata joto, inapoa, inapata joto. Nilikuwa nimelaza mimea miwili, mdogo ukaota ukungu ukaoza, huo ndo wa nne kufa. Mkubwa nikauwahi.

2024 nikafanya katikati ya mwezi wa sita, umeme umetulia. Nilikata majani nikabakisha kama sentimita mbili, nikaosha kitunguu na mizizi kwa maji ya mvua, shungi zima, yaani vichwa vyote vimeshikana, bila kuligawa. Nikakipaka salfa ya unga kidogo sana, ile ile wanayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, shemeji yangu wa Newala aliniletea kwenye kikopo. Salfa inafaa, ila sio mrututu wala dawa zenye shaba, mmea huu hauzipendi. Nikaviringisha kwenye mosi ya sfagnamu, vile vimmea laini vya kinamasi vinavyoshika maji kama sponji, yenye unyevu, unyevu tu, unakamua mpaka haidondoshi tone, nikaweka kwenye kifuko cha zipu, nikalaza kwenye droo ya mboga. Niliweka na kipima joto humo, kilikuwa kinacheza kwenye nyuzi 5 mpaka 7. Kila baada ya wiki mbili nafungua naangalia ukungu. Mama mkwe alikikuta siku moja akadhani ni tangawizi imeharibika, nikafanikiwa kuiokoa mlangoni kwenye ndoo ya taka.

Wiki kumi na tatu. Ndo tunafika mwezi wa tisa.

Wakati mzuri wa kugawa ni huo unapotoka kulala, kabla majani mapya hayajaanza, kwasababu nguvu yote iko kwenye kitunguu na hakuna jani la kulisha. Usiku wa kuamkia Jumamosi nililoweka pitimosi. Ikiwa kavu inakataa maji, inaelea juu, unaweza kudhani imeloa kumbe ndani ni vumbi, kwa hiyo inalala kwenye maji ya mvua usiku kucha na asubuhi unaiminya kwa mikono kama unakamua nazi, unamwaga yale maji ya kahawia, unaweka mengine unaminya tena. Nikachanganya pitimosi makopo mawili na pelaiti kopo moja. Vyungu nilitumia makopo meupe ya aiskrimu yenye kina cha kama sentimita 14, nimeyatoboa chini kwa msumari wa moto. Kina ni muhimu maana mizizi inashuka chini haitambai, na rangi nyeupe ni kwa ajili ya jua la hapa, poti nyeusi saa saba mchana inakuwa sufuria.

Nikatoa shungi kwenye kifuko nikalizamisha beseni, nikalitikisa taratibu mosi yote ikatoka. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, akasema mama mizizi imeoza, yote myeusi. Hapa ndo wengi wanatupa mmea mzima. Mizizi ya mla nzi ni myeusi kwa asili, michache, mirefu kama nyuzi za cherehani, na ukiangalia ncha zake utaona nyeupe kidogo, hapo ndo inapokua. Uozo unautafuta kwenye kitunguu. Kibonyeze kwa kidole, kikiwa cheupe na kigumu kama kitunguu swaumu ni kizima, kikiwa cha kahawia kinabonyea na kina harufu, hicho kimekwenda. Cha kwetu kilikuwa kigumu chote.

Nikaanza kuvua magamba ya majani ya zamani, yale meusi yaliyokufa, moja moja kuelekea chini kama unamenya kitunguu maji. Usiyaruke haya, ndo ukungu unapoanzia. Na kadiri unavyovua ndo unaanza kuona vizuri nani kaungana na nani. Nilihesabu vichwa sita. Kazi ilikuwa kushika kichwa kimoja chini kabisa karibu na mizizi kwa dole gumba na cha shahada, mkono mwingine umeshika jirani yake, unatikisa kushoto kulia bila kuvuta. Cha kwanza kiliachia chenyewe, kikabaki mkononi na mizizi yake minne inaning'inia. Nilipiga kelele, binti akapiga kelele, jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. Cha pili hivo hivo, cha tatu hivo hivo. Cha nne kilikuwa kinacheza peke yake lakini kimeshikwa na kijikamba chembamba kama njiti ya kibiriti, hapo nilipangusa kiwembe kwa spiriti nikakikata mara moja, nikapaka salfa kwenye jeraha. Cha sita kilikuwa kidogo kama harage, hakina mzizi hata mmoja, nikitikisa kinatikisika na mama yake. Nikakiacha na mama yake wakaingia chungu kimoja.

Kupanda ni dakika chache. Unatoboa shimo refu kwenye pitimosi kwa mpini wa mwiko, unashusha mizizi iende wima isikunjike, sehemu nyeupe yote inakuwa chini, ile sehemu ya katikati majani yanapotokea inakaa usawa wa uso wa udongo. Ukizika katikati inaoza, ukiacha nyeupe nje inakauka na kuungua. Haushindilii, unamimina maji kwa juu taratibu udongo wenyewe unakaa.

Wiki mbili za kwanza nilivificha chini ya mwembe, jua la kuchuja tu, halafu nikavisogeza kidogo kidogo mpaka vikawa vinapata jua la moja kwa moja kuanzia asubuhi mpaka saa sita. Mmea huu unataka jua la kweli, sio la dirishani. Na usishtuke baada ya kugawa ukiona majani ya kwanza yanatoka yamepinda, mitego midogo inafunga kwa uvivu au haifungi kabisa, unajenga mizizi kwanza. Sikuvilisha kitu mwezi mzima. Watoto wa mtaani niliwakalisha nikawaeleza kwanini wasichokoe mitego kwa vijiti, kila mtego una idadi yake ya kufunga, mara chache tu halafu unakufa, na kufunga bila chakula ni kuchoka bure. Waliniskiliza vizuri, sasa wao ndo walinzi, akija mgeni anataka kuchokoa wanamkataza. Chungu kimoja kilitoa kikonyo cha ua mwezi wa kumi na moja, nikakikata kikiwa na urefu wa kidole maana ua linakula nguvu nyingi kuliko mmea uliotoka kugawiwa unavyoweza kutoa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni majani. Wakati navua magamba kuna majani kumi na mawili ambayo bado yako hai yalitoka na kile kipande cheupe cha chini, nikaona huruma kuyatupa. Nikayalaza juu ya mosi yenye unyevu kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, upande mweupe umegusana na mosi, nikaweka mahali pana mwanga bila jua kali. Matano yalikuwa meusi nikayatoa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja yale saba yaliyobaki kila moja lilikuwa na kijinukta cha kijani pale chini, na ukisogeza jicho karibu sana unaona kimtego kidogo kama kichwa cha pini, kina kope zake zote.

Vyungu vitano vimebaki vitatu kwangu. Kimoja kipo kwa dada yangu, nimempa na dumu la maji ya mvua juu. Kimoja kipo Muleba, kwenye baraza la mama, kule mvua haina shida wala baridi ya usiku sio ya kutafuta kama hapa, ananipigia simu kunihesabia vichwa. Mwezi wa sita hivi vitatu vinaingia kwenye droo ya mboga tena, safari hii nimeandika kwenye kifuko kwa maandishi makubwa. Yale madogo saba nayaacha nje mwaka huu wa kwanza, bado madogo kulala.